Namna ya Kula kwa Kiingereza Fasaha Mjini Kampala

Kazi ya Kampala umeipata, mizigo umefunga na tikiti ya basi iko mfukoni. Kilichobaki ni tumbojoto la lugha. Kiswahili chako usikitegemee sana. Ni kweli katiba ya Uganda inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini wazee wengi wa mji huu walikizoea midomoni mwa askari, enzi za Idi Amin na vurugu zilizofuata. Mpaka leo ukimsemesha mtu wa makamo kwa Kiswahili cha kukoroma gizani, anaweza kukukabidhi pochi kabla hujamaliza salamu. Kiganda nacho kitakuchukua muda. Kwa hiyo ni Kiingereza.

Usiogope. Vitenzi vya Kiingereza ni vingi, ila Kampala inaendeshwa na kimoja tu. Ukikimudu hicho katika nyakati zake zote utapanda teksi, utahudhuria warsha, utasoma gazeti ukalielewa, na Mungu akikujalia utateuliwa kwenye bodi ya shirika la umma. Kitenzi chenyewe ni "eat".

Ni kitenzi kikorofi. Wenzake wengi hukubali kubandikwa "-ed" nyuma na mambo yakaisha. Hiki kina safu tatu za kukaririwa: "eat", "ate", "eaten". Watoto wa shule za msingi nchini Uganda huziimba safu hizo kwa sauti moja mpaka mwaka wa mtihani wa darasa la saba, ule wa PLE, ambamo hupewa sentensi yenye pengo walijaze kwa umbo linalofaa. Zimekuwapo shule zilizomvisha mtoto gunia, au kumtundika kibao shingoni, kwa kosa la kuongea lugha ya mama yake uwanjani. Mtoto akisema "I didn't ate", fimbo haichelewi. Akikua akala kweli, kesi yake itaahirishwa mpaka mwalimu astaafu.

Basi tuanze.

Hatua ya kwanza: Safu ya kwanza, mezani

Ingia hoteli yoyote ya Wandegeya saa saba mchana. Mhudumu atakuja na swali moja: "food" gani? Usimjibu "nyama". Kwa Kiingereza cha hapa "food" ni kile cha kushibisha: matoke, posho ambayo wewe unaiita ugali, wali, viazi, muhogo, malenge. Mwenye njaa huagiza vyote kwa mpigo. Nyama, maharage, samaki na karanga ni "sauce", na bei hufuata mchuzi. Posho, matoke na wenzao huja nyuma yake kama ndugu wa bwana harusi, bila kuhesabiwa.

Angalia vizuri anavyopakua. Anafunua majani ya mgomba yaliyolegea kwa mvuke, na ndani mna matoke yaliyopondwa, ya manjano, yanayofuka moshi. Anayamega kwa kisahani, anayalaza kwenye sahani yako, kisha anamwagia juu yake binyebwa, mchuzi mzito wa karanga wenye rangi ya zambarau iliyopauka. Hapo sema "I eat" bila wasiwasi wowote. Wakati uliopo ni wakati usio na dhambi, maana shahidi wako ni sahani.

Ukipenda cha barabarani, nunua rolex: mayai yaliyokaangwa na vitunguu na nyanya, yakaviringishwa ndani ya chapati. Ndiyo Rolex pekee ambayo mtumishi wa umma anaweza kuonekana nayo mkononi bila kuulizwa ameipata wapi.

Hatua ya pili: Usisahau "ever"

Mwingereza hutumia "ever" zaidi kwenye swali au ukanushi. Mkazi wa Kampala huipachika kwenye jibu: "I have ever eaten". Ukiwa mtu wa Kiswahili utamwelewa papo hapo, kwa sababu anasema "nimewahi kula", na mwalimu wa London azimie akitaka. Bernard Sabiti alikusanya maneno ya Kiingereza hiki cha Uganda katika kamusi aliyoitoa mwaka 2014, na tangu hapo wanaokitumia hawana sababu ya kuona haya.

Jizoeze kwa nsenene. Hawa ni senene wanaojaa sokoni hasa mwezi wa Novemba. Hunyofolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu. Akina mama huuza wa kukaanga kwa kijiko, na ukisita watakuonjesha bure. Tafuna, meza, kisha tangaza kwamba umewahi kula. Utakuwa umepata marafiki.

Tahadhari: "ever" ni ya chakula tu. Usiitumie unapozungumzia mradi. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ile inayojulikana kwa herufi tatu za IGG, haichukulii "nimewahi kula" kuwa mazungumzo ya kirafiki.

Hatua ya tatu: "Ate" ni ya wengine

Sasa tunaingia safu ya pili, na hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza. Kampala "ate" haihitaji yambwa. Mtu akiinamisha kichwa akakuambia "that one ate", usiulize alikula nini. Si matoke. Alikuwa na ofisi, ofisi ilikuwa na fungu, na fungu lilikuwa la zahanati.

Kanuni ya safu hii ni fupi: nafsi ya tatu pekee. Yeye alikula, wao walikula. Nafsi ya kwanza haipo, na haijatumika tangu bustani ya Edeni. Adamu ndiye ofisa wa mwisho aliyejibu swali la ukaguzi kwa kukiri kwamba amekula, na hata yeye alianza kwa kumtaja msaidizi wake. Kilichompata baada ya kukiri kinajulikana: kazi ilikwisha, nyumba ya serikali ikachukuliwa, na malaika mwenye upanga akawekwa getini. Maofisa wa leo wamesoma kisa hicho kwa makini.

Lawama nyingine iende kwa Kiingereza chenyewe, kwa kuwa "ate" moja inabeba asubuhi ya leo, jana na karne iliyopita. Kiganda kimejipanga vizuri zaidi. Aliyekula sasa hivi "alidde". Aliyekula mapema leo au jana usiku "yalidde". Aliyekula zamani "yalya". Mkaguzi wa hesabu anayejua Kiganda anaweza kupanga wizi kwa tarehe kabla hajafungua jalada. Mabwana wa Kiingereza waliotuletea ukaguzi hawakutuletea nyakati za kuufanyia kazi.

Sisi wa Kiswahili tulilimaliza suala hili kitambo: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ipeleke methali hiyo Kampala kama zawadi ya mgeni. Itafafanua kwa nini waziri aliyetolewa kwenye baraza hugundua ufisadi wiki inayofuata.

Hatua ya nne: "Eaten" ni cheo

Safu ya tatu ndiyo ya heshima. Ukiitanguliza "has", unaondoka kwenye tuhuma na kuingia kwenye hongera. "He ate" hunong'onwa. "He has eaten" husemwa kwa sauti, na mara nyingi kwa wivu. Huyu hali tena. Ameshakula, hali imetimia, nyumba ipo Muyenga na watoto wanasoma nje. Mwenzake atakayemsifia kwa namna nyingine atasema "ameangukia vitu", kana kwamba vitu vilikuwa vimelala njiani naye akajikwaa.

Usidhani heshima hiyo ni ya kubuni. Katika Kiganda, mfalme, yaani Kabaka, hatawazwi tu, anakula Buganda. Ndivyo inavyosemwa, kwa adabu zote na ngoma zikilia. Rais Milton Obote alifuta falme mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa pale Naggalabi, Buddo. Hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba amekula Buganda, kwa kuwa maana yake ni kwamba amekabidhiwa. Na chifu wa zamani naye alikula uchifu wake. Tatizo lilianza pale makarani walipokipenda kitenzi cha mfalme wakaacha wajibu wa mfalme, ambaye hula mbele ya watu na hujulikana kwa jina.

Kwa historia ya kundi hili la waliokwishakula, kumbuka mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti Amin alitangaza kwamba Waasia wafungashe; wakapewa siku 90. Maduka ya Kampala yakagawiwa kwa wanajeshi na marafiki, wengine wakiwa hawajawahi kuuza hata kiberiti. Waliokula maduka hayo walipewa jina la Kiswahili: "mafuta mingi". Ndiyo, ni "mingi". Wewe uliyefundishwa kwamba ni mafuta mengi unaumia, lakini waliogawana mtaa mzima kwa miezi michache hawakuwa na nafasi ya upatanisho wa kisarufi. Bidhaa zilipokwisha rafuni, mji ukaongeza neno jingine la Kiswahili, "magendo", na hilo nalo likakaa. Ona basi: Kiswahili, lugha wanayosema hawaijui, kiliachiwa kazi ya kuwapa majina walaji.

Hatua ya tano: Kauli ya kutendwa

Ukifika hapa umekomaa. Chukua "eaten", itangulize "was", na utazame muujiza: pesa zililiwa. Na nani? Sarufi haidai. Kiima kimetoroka kupitia mlango wa nyuma, yambwa imekalia kiti chake, na sentensi imesimama wima, imenyooka, inafaa kusomwa bungeni.

Tazama jinsi kauli hii inavyofanya kazi katika maisha. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamisha misaada yake kwa Uganda. Pesa za dawa zilikuwa zimeliwa. Jaji James Ogoola akaongoza tume, na majina yakaanza kusikika, jambo lililoonekana na wengi kuwa ukosefu wa adabu kwa sarufi. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akafichua kwamba mamilioni ya pesa za wafadhili za kuijenga upya kaskazini, iliyochakazwa na vita, yalipotea njia ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland ilikuwa miongoni mwa waliochanga, na haikutaka mjadala wa vitenzi. Serikali ya Uganda ikairudishia euro milioni 4. Hapo pana somo la ziada: waliokula ni wachache, aliyetapika ni mlipa kodi, akiwemo mwenye kibanda cha rolex.

Kisha yakaja mabati. Yalinunuliwa kwa ajili ya wananchi wa Karamoja, kaskazini-mashariki, lakini mwaka 2023 yakaonekana mbali sana na Karamoja, na iliripotiwa kwamba mengine yalikuwa yakiwafunika mifugo. Mawaziri watatu walifikishwa Mahakama ya Ufisadi mwezi wa Aprili. Wakubwa wengine, baada ya kutafakari, wakayarudisha waliyopewa. Kwa mwanafunzi wa lugha tukio hili ni hazina, kwani lilionyesha kwamba hata bati huliwa. Kiingereza cha London kingetaka kitenzi kingine kwa chuma. Cha Kampala hakibagui.

Ofisi ya IGG ilikadiria mwaka 2021 kwamba rushwa inaigharimu nchi zaidi ya shilingi trilioni 9 kila mwaka. Fikiria kauli ya kutendwa inayohitajika kuzibeba hizo.

Hatua ya sita: Kiache kitenzi

Wanafunzi bora huachana na "eat" kabisa. Walijifunza kwamba kitenzi, kiwe kwenye safu yoyote ile, kinanuka jikoni. Nomino hainuki.

Mwaka 2017 ilifahamika kwamba maofisa 42 wa serikali waligawana shilingi bilioni 6 kwa kuisaidia nchi kushinda kesi ya kodi ya mafuta. Hakuna aliyekula. Ilikuwa "presidential handshake", yaani walipeana mkono na rais, na mkono wa rais ulikuwa mzito kidogo. Kamati ya Bunge ikachunguza, ikakemea. Miaka saba baadaye, mwaka 2024, ikawa zamu ya Bunge lenyewe: makamishna wake wanne walikuwa wamejipatia jumla ya shilingi bilioni 1.7. Nao hawakula. Ilikuwa "service award", tuzo ya utumishi, iliyotolewa na watumishi kwa watumishi.

Wewe mgeni hutaanzia ngazi hiyo. Anzia kwenye warsha. Utaalikwa ukumbi wa hoteli saa mbili, shughuli itaanza saa nne. Mlangoni kuna karatasi ya mahudhurio: jina, taasisi, simu, sahihi. Usiipite, hata kama jengo linaungua. Mada itakuwa uwajibikaji. Saa nne na nusu chai na sambusa, saa saba chakula, na saa tisa, wakati mtoa mada bado anaonyesha picha ya tisa kati ya arobaini, dada mmoja atapita nyuma ya viti na bahasha na karatasi nyingine ya sahihi. Ile bahasha inaitwa "facilitation". Kama umekuja kwa miguu kutoka jengo la pili, inaitwa "transport refund". Pokea kwa mikono miwili, sema "thank you please", na usitumie kitenzi chochote.

Mwenyeji wako akikukonyeza umruhusu asaini mara mbili, kumbuka ya wahenga: ukila na kipofu usimshike mkono. Kipofu katika methali hii ni mfadhili.

Hatua ya saba: Siku utakapoliwa wewe

Itakuja tu. Mara nyingi huanzia kwenye teksi, ambayo kwetu ni matatu au daladala. Umetoka Old Taxi Park kwenda Ntinda, umetoa noti ya elfu kumi, na chenji, inayoitwa "balance", imebaki kwa kondakta. Kwanza atakuambia subiri. Kisha atajishughulisha na mlango. Ukishuka atakuwa anamwangalia abiria mwingine kwa mapenzi makubwa. Hapo usipige kelele za sarufi. Sema kwa upole, "ssebo, balance yange", nao abiria wote watakuunga mkono, maana kila mmoja ana kondakta wake aliyemla. Ukinyamaza mpaka gari liondoke, umehamia rasmi kauli ya kutendwa.

Njia ya pili ni mapenzi. Kiingereza cha Kampala kina kitenzi "detooth": kumng'oa meno mchumba kwa maana ya kumkamua pesa za nywele, za simu na za mjomba mgonjwa, kisha kutopatikana hewani. Kwa bahati nzuri ni kitenzi tiifu, huchukua "-ed" bila matata: "detoothed". Ndicho kitenzi pekee kinachomkomesha mlaji kisayansi, kwa kuwa mtu aliyeng'olewa meno hali. Ofisa mmoja aliyeangukia vitu serikalini anaweza kupukutishwa vyote kwenye baa za Kabalagala kati ya Ijumaa na Jumapili. Mla cha mwenzake na chake huliwa, na wahenga walijua kuiweka kauli hiyo mwishoni.

Makosa ya kuepuka

Usiseme "eated". Watakucheka, kisha watakuuliza umesoma wapi.

Usiseme "I ate" mbele ya kipaza sauti, hata ukizungumzia kifungua kinywa.

Usimwulize mtu "how did you eat?" ukidhani unamsaidia kufanya mazoezi. Atadhani umetumwa.

Usimwambie aliyekwishakula kwamba kitenzi chake kina mwisho. Anajua. Ndiyo maana anataka muhula mwingine.

Zoezi

Jaza mapengo kwa umbo sahihi la "eat". Alama kumi.

1. Mkurugenzi ____ kabla ya uchaguzi. (Jibu: "ate", lakini andika kwa penseli.)

2. Fedha za kisima cha kijiji zime____. (Jibu: "been eaten". Ukiandika jina la mlaji unapoteza alama mbili na pengine simu yako.)

3. Kamati ya kuchunguza fedha za kisima ____. (Jibu: "is eating". Kamati ikiwa kazini huwa katika wakati uliopo unaoendelea.)

4. Wanakijiji wa kisima hicho hawaja____. (Jibu: "eaten". Hapa neno lina maana yake ya kwanza, ile ya sahani. Ndilo pengo pekee kati ya haya manne ambalo wakaguzi hawajawahi kuombwa kulijaza.)

Karatasi za majibu zikabidhiwe mapokezini kabla ya saa tisa. Zile zilizoambatanishwa na "facilitation" zitasahihishwa kwanza.